Kidonda cha moto: alovera, asali au jani la mgomba?

Mgomba_Tukuyu: Wakuu, mtu akimwagikiwa chai au uji, ngozi ikawa nyekundu na malengelenge mawili matatu, bora kipi kati ya hivyo? Huku vyote vipo uani. Na vinatumikaje?

Nesi_Uyole: Maji kwanza, mkuu. Ya bomba, yanayotiririka, dakika 20. Hata zikipita saa 3 tangu aungue bado yanasaidia. Barafu hapana. Kwa baridi ya Juni na Julai huku Mbeya, mtoto mfunike blanketi sehemu zilizobaki asije akashuka joto. Pete na bangili zitoke kabla hajavimba. Lengelenge usitumbue. Na hiyo kolgeti, mafuta ya kupikia na unga wa ngano acheni jamani! Kule zahanati lazima vikwanguliwe, na mgonjwa anaumia upya.

ShambaMafinga: Alovera kata jani la chini lililokomaa, lisimamishe kwenye kikombe, mkato ukiwa chini, dakika 15 hivi, utomvu wa njano uchuruzike. Huo ndio unaowasha. Wengi wanaolalamika kwamba alovera imewababua walipaka pamoja nao. Osha, menya, chukua ute ule angavu tu. Paka penye wekundu pasipochubuka, mara 2 au 3 kwa siku, kila mara ute mpya. Shubiri mwitu za porini ziacheni, aina ni nyingi na ute wenyewe kiduchu.

Mgomba_Tukuyu: Na palipochubuka, asali?

Nesi_Uyole: Asali inafanya kazi kweli: sukari yake inawanyonya vijidudu maji, na ina uchachu wasioupenda. Ila ya kutibia vidonda husafishwa kwa mionzi. Ya gulioni inaweza kuwa na mbegu za vijidudu, na ukiichemsha unapunguza nguvu yake. Siiweki kwenye kidonda kibichi. Jani la mgomba si dawa, ni bandeji: sifa yake haligandi kwenye kidonda. India wamelitumia hospitalini, lakini limepita kwenye mashine ya mvuke. La kutoka uani moja kwa moja, hapana. Funika kwa gozi safi.

Mgomba_Tukuyu: Ukubwa gani niache ya nyumbani?

Nesi_Uyole: Kiganja cha mgonjwa mwenyewe pamoja na vidole ni asilimia 1 ya mwili wake. Kwa mtoto, jeraha likizidi kiganja chake nenda hospitali. Uso, mikono, nyayo, maungio kama goti na kiwiko, sehemu za siri, moto wa umeme, au ngozi nyeupe ama nyeusi isiyouma: nenda bila kupima. Mtoto akifika asilimia 10, mtu mzima 15, hiyo ni ya kulazwa na dripu. Ulizia na sindano ya pepopunda.