Tupeane uzoefu: nani ashawahi kuibana serikali kwa hesabu zake yenyewe?

Mimi nianze, niko Lamu. Dispensari ya mtaani kwetu imewekwa kwa bajeti miaka miwili na ukipita pale ni msingi tu na mbuzi wamelala. Kwenye mikutano watu wanapiga kelele wee mpaka wanachoka, wanaenda zao. Safari hii nikashusha ripoti ya Msimamizi wa Bajeti, ile ofisi inayofuatilia serikali inavyotumia pesa, ripoti hutoka kila miezi mitatu, ni bure, nikaprinti ukurasa mmoja tu wa afya, nikauliza kwa upole, hapa mumeandika iliyotengwa ni hii na iliyotumika ni hii, sasa yetu iko wapi? Wakatizamana. Nikaambiwa "tutafuatilia" lakini wiki mbili baadae fundi kaja kupima. Kupima tu, msidhani imejengwa. Nyie je?

MtuWaMalindi: Mie njoo kesho zilinichosha nikaandika barua, nikataja Ibara ya 35 ya katiba, ile ya haki ya kupata habari, na ile sheria ya habari ya 2016, na nakala yangu nikagongewa muhuri. Hapo kwenye muhuri usikubali kuondoka bila, manake siku 21 za kujibiwa zinahesabiwa toka walipopokea. Siku ya 19 nikapigiwa simu, nakwenda mbio, napewa makaratasi ya mwaka mwingine 😂 nikaandika tena.

Nahodha_mstaafu: Wanangu asilimia za kwenye ripoti angalieni sana. Gati letu kwa karatasi ni asilimia 100, na kweli kontrakta kalipwa yote, lakini maji ya bamvua yakitoka ngazi ya mwisho inaning'inia juu, kina mama wanabebwa kama magunia. Walichopima ni malipo, hawakupima kushuka kwenye boti. Sasa napiga picha maji yakiwa yametoka, na tarehe yake, naibandika kando ya ripoti.

Binti_hesabu: Shikamoo nahodha, umesema kweli. Hata ile asilimia 30 ya bajeti ya kaunti ya maendeleo, sheria inataka itengwe, kutengwa si kutumika, na mwaka wa serikali unaisha 30 Juni kwa hivyo ripoti ya Msimamizi ya miezi tisa, Julai mpaka Machi, ndiyo naisubiri mimi, ukiona mpaka Machi hawajagusa kitu unajua Juni itakuwa mbio za kulipana.

Nahodha_mstaafu: Marahaba mwanangu. Hiyo ya miezi tisa naipata wapi, nitumie na ukurasa, macho yangu hayawezi zote.