Mrejesho: kile "chumba cha familia ufukweni" Malindi

Asanteni nyote. Kwa ambaye hakuliona swali langu: tulilipia "chumba cha familia, ufukweni" Malindi, tukapewa chumba cha watu wawili na magodoro mawili sakafuni. Bahari iko ng'ambo ya barabara, nyuma ya ukuta wa jirani.

Basi nilifuata ushauri wenu. Nikampelekea meneja tangazo lao lenyewe pamoja na picha za chumba, nikamtajia Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012, inayokataza maelezo ya kupotosha. Mwanzo akanijibu eti "ufukweni" ni jina la mtaa. Mtaa! Kesho yake akalainika: tofauti ya bei ya chumba imerudi kwa M-Pesa. Ya ufuo amekataa katakata, nami nimechoka kuvutana.

Maji ya kahawia siwalaumu, ingawa picha zao zilikuwa buluu tupu. Mvua zikinyesha bara, Mto Sabaki humwaga tope baharini kaskazini mwa mji. Hoteli gani itauzuia? Watoto tuliwapeleka Watamu, wakaogelea hadi vidole vikakunjamana. Mama mkwe, aliyelalia godoro, bado amenuna.