Kambi ya Agosti Kisumu: kufundisha watoto mashua za tanga, tuanze wapi?

MzaziMilimani
Habari wandugu. Likizo ya Agosti tunapanga kambi ya siku tano hapa Kisumu. Watoto ni 8, miaka 9 hadi 12, wote wanaogelea. Tumeazimwa Optimist 4 (mashua ndogo za tanga za mtoto mmoja mmoja) zilizokaa stoo muda mrefu. Tunafikiria kuingia majini saa moja asubuhi ziwa likiwa limetulia, tutoke saa nne. Kuna ubaya? Na mashua tukague nini?

KanaMkononi
Saa hizo ndizo mbaya kwa anayeanza. Asubuhi upepo wa ghuba ya Winam, hii ya Ziwa Victoria hapa Kisumu, hutoka nchi kavu. Ni mwepesi, lakini mtoto ambaye hajajua kubisha (kwenda kinyume cha upepo kwa kukata pande) husukumwa nje bila kujua. Mchana hugeuka ukavuma kutoka magharibi, na mtoto akishindwa humrudisha ufukweni. Kwa hiyo asubuhi fundisheni nyasini, na majini muingie upepo ukishageuka, kwa kawaida karibu saa sita. Tokeni kabla haujapata nguvu, sana sana saa nane. Radi ikinguruma wote watoke, wasirudi mpaka dakika 30 zipite tangu mngurumo wa mwisho.

Nyasini mtoto akae ndani, asukume kana (mpini wa usukani) kushoto na aelezwe kwamba omo (mbele ya mashua) itakwenda kulia. Majini wekeni maboya mawili, mita 30 hivi, upepo ukiwa ubavuni. Aende na kurudi kwa umbo la nane, kila mara akigeukia upepo. Kugeuka upepo ukiwa mgongoni kusubiri siku ya nne, maana boriti ya chini ya tanga hurukia upande wa pili kwa kasi na kugonga kichwa. Kabla ya yote hayo ajue jambo moja: akiogopa, aachie demani, yaani kamba ya kuvutia tanga. Tanga litapepea na mashua itapunguza mwendo.

Na boti ya injini iwe majini muda wote, si kufungwa gatini.

FundiTanga
Mashua zilizokaa stoo, anza na mifuko ya hewa. Kila Optimist ina mitatu. Ijaze leo, iangalie kesho. Uliolegea una tundu. Kisha hakikisha mlingoti umefungwa chini usichomoke. Mashua ikipinduka na mlingoti haujafungwa, hutoka nusu na kupasua mahali unaposimama. Hilo ndilo hitilafu ghali kuliko zote.

Tanga lenyewe lifungwe karibu na mlingoti, nafasi isizidi milimita 10. Ukiona mkunjo kutoka ncha ya juu ya tanga hadi kona ya chini kwenye mlingoti, mti wa mshazari unaosukuma ncha hiyo juu umekazwa kupita kiasi. Mkunjo ukikatiza upande mwingine, mti huo umelegea.

Ghuba yetu ni ya kina kifupi na chini ni matope. Mashua ikigeuka juu chini mlingoti unaweza kunasa, kwa hiyo fungeni mtungi mtupu wa lita 5 kileleni. Zoezi la kupinduka lifanywe siku ya pili: mtoto aachie demani, aogelee hadi upande wa chini wa mashua, ashike ubao wa katikati (ule unaoshushwa majini kupitia sakafu ya mashua) uliosukumwa hadi mwisho, aupande na kuegemea nyuma. Mashua itainuka imejaa maji, basi kata ya kuchotea ifungwe kwa kamba, la sivyo itaelea na kwenda zake.

MzaziMilimani
Asante sana. Na gugumaji na kichocho je?

KanaMkononi
Gugumaji huhama na upepo, hivyo kagueni eneo kila siku kabla ya kuingia, si siku ya kwanza pekee. Likinasa, inua ubao, litoe, shusha tena. Kaeni mbali na mafunjo, kiboko hujificha humo.

Kichocho hupatikana zaidi kwenye maji mafupi yenye majani, na viini vyake hutoka kwa wingi mchana, saa zile zile za upepo mzuri. Ingieni kwa gati, watoto wasikanyage ufukweni wenye majani. Kujifuta taulo hakutoshi. Wiki sita hadi nane baada ya kambi wapimwe, na watakaopatikana nacho wapewe dawa ya praziquantel kwa uzito wao. Gharama hiyo iwekeni kwenye ada mapema.