Naombeni ushauri: nyumbani wananiona mgonjwa, wenzangu wa baiskeli wananisifia

Wakuu, habari za muda huu.

Mimi ni mwanaume, naendesha baiskeli masafa marefu, zile safari za kilomita 200 na kuendelea kwa siku moja. Urefu wangu ni mita 1.80. Nilipoanza nilikuwa na kilo 74, sasa nina 62. Sikujinyima chakula wala kufuata mpango wowote wa kupunguza uzito, kilo zilijiondokea kadiri kilomita zilivyoongezeka. Milima niliyokuwa nashuka na kusukuma, leo naimaliza nimekaa kwenye kiti. Sijalazwa, sijapata homa ya maana.

Shida ni watu. Nikitokea kwenye shughuli ya familia, kabla hata ya salamu naulizwa, "Mbona umeisha hivyo?" Kazini mwenzangu mmoja alinivuta pembeni, akashusha sauti, akaniuliza kama nimepima. Shemeji akamuuliza mke wangu kama nyumbani kuna amani na kama napikiwa. Hilo ndilo lililoniuma zaidi, maana lawama imemwangukia mtu asiye na kosa. Mama yeye hasemi kitu. Ananishika mkono juu ya kiwiko, anauzungushia vidole, kisha anaingia zake ndani.

Kwa waendesha baiskeli mambo ni kinyume kabisa. Mashavu yakibonyea napongezwa: "Sasa umekuwa mpanda milima kweli." Mshipa ukitokeza pajani unapigwa picha. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kuniuliza kama nakula vya kutosha.

Naomba mnisaidie mambo mawili. Mama nimwambie nini? Na nitajuaje kama wanaonihofia wana haki? Nikiwa peke yangu barabarani swali hilo la pili linanijia sana.

Gia Ndogo:
Mkuu, achana nao. Hawajui unachofanya. Ukianza kumjibu kila anayekutazama utaacha baiskeli.

Mnyororo:
Gia Ndogo, hapo sikubaliani nawe. Mama si "kila anayekutazama", na mke aliyeulizwa kama anampikia mumewe hawezi kuambiwa "achana nao".

Mleta uzi, kwanza nikutetee. Kukonda kwako kuna sababu inayohesabika. Kupanda mita 1,000 za wima ndani ya saa moja kunadai takribani wati 2.7 (wati ni kipimo cha nguvu unayotoa kwenye pedali) kwa kila kilo unayoibeba. Kilo zako 12 zilizopungua ni kama wati 33 ambazo mlima haukudai tena. Ndiyo maana wapanda milima wakubwa wana miili ile. Chris Froome, mwendesha baiskeli wa Uingereza, ana mita 1.86. Mwaka 2007 alipimwa akawa na kilo 75.6 na mafuta asilimia 16.9. Mwaka 2015, wiki chache baada ya kushinda mashindano ya Tour de France kwa mara ya pili, vipimo vilionyesha kilo 69.9 na mafuta asilimia 9.8. Kilichoondoka kwa sehemu kubwa ni mafuta.

Tena mwili wetu unamdanganya anayeutazama. Kazi yote iko mapajani na kwenye mashavu ya miguu, na hayo yamefunikwa na suruali. Mtu wa kawaida anachokiona ni uso, shingo na mikono, yaani zile sehemu ambazo baiskeli haizijengi.

Ila wale wanaokupigia picha mshipa siwaamini zaidi ya shemeji yako. Wao wanaangalia mlima, shemeji anaangalia ugonjwa. Wewe mwenyewe nani anakuangalia?

Dada Pedali:
Mnyororo amesema jambo ambalo mimi nimelipitia mwilini.

Nilikuwa kwenye timu. Kila kilo iliyoshuka ilishangiliwa, na aliyekuwa akinifundisha aliniambia nimeanza kufanana na waendeshaji wenyewe. Hedhi ikakata. Nikaambiwa ni kawaida kwa mwanamichezo, na kwa kuwa nilikuwa nashinda, nani angebisha? Baadaye nilianguka kwa mwendo mdogo tu, nyonga ikavunjika. Kipimo cha mifupa kikaonyesha msongamano ulioshuka mno kwa umri wangu.

Dada zangu mnaosoma hapa, hedhi ikikata kwa miezi mitatu mfululizo na huna mimba, nenda hospitali hata kama unashinda. Hakuna kiwango cha mazoezi kinachoifanya hali hiyo kuwa salama.

Na wewe kaka, usidhani hili ni la wanawake peke yao. Zamani ndivyo lilivyozungumzwa. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko kuwa upungufu wa nishati, yaani kula pungufu ya kile mwili na mazoezi vinachohitaji, unawapata wanamichezo wa jinsia zote, na unagusa homoni, mifupa, kinga ya mwili, moyo na hata akili.

Nesi wa Zamu:
Nazungumza kama mhudumu wa afya, lakini sichukui nafasi ya daktari atakayekuona ana kwa ana.

Mtu akipungua zaidi ya asilimia 5 ya uzito wake ndani ya miezi 6 hadi 12 bila sababu inayojulikana, hospitali tunalichukulia kwa uzito: kisukari, kifua kikuu, VVU, tezi ya shingo, saratani, yote yanaangaliwa. Wewe umepungua asilimia 16. Sababu unayo, ni kweli, lakini kuwa na sababu hakukukingi na ugonjwa mwingine. Kwa hiyo mwenzako wa kazini, ingawa alikosa staha, hakuuliza upuuzi. Pima.

Watu hudhani mgonjwa hukonda huku akilegea, na kwamba aliyekonda huku nguvu zikiongezeka yuko salama. Nusu yake ni kweli. Upungufu wa nishati una kipindi cha mwanzo ambapo mtu ni mwepesi, ana kasi, na watu wanampigia makofi, huku mwili ukizima kimoja kimoja kile usichokihitaji kwa leo. Uzazi ni miongoni mwa vya kwanza.

Sasa niulize bila kuona haya, na ukipenda nijibu faragha. Bado unaamka asubuhi uume umesimama kama zamani? Hamu ya tendo ikoje? Unasikia baridi wakati wenzako hawaisikii? Kijeraha kidogo kinachukua muda gani kupona? Hasira zako zikoje?

Mizani haitakujibu maswali haya. Kwa kilo 62 na mita 1.80 uwiano wako wa uzito na urefu ni 19.1, juu kidogo ya 18.5, mpaka ambao chini yake mtu huhesabiwa ana uzito pungufu. Kwa mizani peke yake ungeambiwa huna tatizo.

Mama Wawili:
Wataalamu wameongea, mimi niseme kuhusu mama.

Mwanangu wa kwanza anaendesha. Alipokuwa akinieleza wati na asilimia, nilikuwa naitikia "sawa mwanangu" huku moyo unanienda mbio. Hesabu zile zilikuwa zake. Mimi mwili ule niliubeba, nikauogesha, naujua ukiwa mzima na ukiwa na homa.

Kilichonituliza ni siku aliyonipeleka kliniki, nikakaa naye mbele ya daktari, nikauliza maswali yangu mwenyewe nikajibiwa. Usimwendee mama na maelezo. Kafanye vipimo, ukimaliza mchukue mkasikilize majibu pamoja. Na mkono wako akiushika, usiuvute.

Shemeji naye mjibu wewe, mbele ya watu walewale waliokuwepo. Mkeo asiachiwe kujitetea kwa mwili ambao si wake.

Mleta uzi:
Nimesoma yote, nimesoma na mke wangu. Asanteni sana.

Nesi, sitakwepa. Baridi nasikia, hata ofisini nakaa na koti. Hayo mengine ya asubuhi yamepungua, mke wangu amesema mapema kuliko nilivyokiri mimi. Nilikuwa nahesabu ni uchovu. Nimeshaomba miadi na daktari, na mama nimemwambia tutakwenda wote. Aliuliza saa ngapi, basi.

Shemeji nimempigia. Amenielewa, na amemwomba mke wangu radhi.

Swali lililobaki: nikisema ninakula vya kutosha, "vya kutosha" ni kiasi gani? Kusema kweli njaa siisikii sana baada ya safari ndefu.

Mnyororo:
Njaa usiitegemee, baada ya mazoezi makali huwa inajificha. Tumia hesabu. Chukua uzito wako bila mafuta, tuseme kilo 56. Mtu mzima mwenye mazoezi anashauriwa abakiwe na kilokalori kama 45 kwa kila kilo hiyo baada ya kutoa zilizotumika kwenye baiskeli, na chini ya 30 ndipo hatari inapoongezeka. Kwako ni kama 2,520. Ukiendesha saa nne kwa wastani wa wati 170 umetumia karibu 2,450 nyingine. Siku hiyo unadaiwa karibu 5,000. Umewahi kuzifikisha?

Sehemu ya deni hilo lilipe ukiwa barabarani: wanga gramu 60 kwa saa, na kwa safari ndefu hadi 90 ukichanganya glukosi na fruktosi. Anza chini ya hapo, tumbo nalo linazoezwa.

Nesi wa Zamu:
Hesabu ya Mnyororo ni mwongozo mzuri wa kuanzia. Kwa daktari taja homoni ya testosteroni, tezi ya shingo, akiba ya chuma, vitamini D na kipimo cha msongamano wa mifupa. Damu ya testosteroni itolewe asubuhi kabla hujala, na siku moja kabla usiende safari ndefu. Cha mifupa, omba waangalie na uti wa mgongo sehemu ya kiunoni, maana baiskeli haiitingishi mifupa kama kukimbia kunavyofanya, na kwa waendeshaji upungufu mara nyingi huonekana hapo.