The Simpsons: ubora ulianza kushuka msimu gani, na kilichobadilika ni nini hasa?

Kapungu
Wakuu, salaam. Kila mjadala wa The Simpsons, katuni ya Kimarekani ya familia ya Homer na Marge, unaishia palepale: misimu ya mwanzo dhahabu, ya baadaye makapi. Wengi wanataja msimu wa 9 na lawama wanamtupia Mike Scully, aliyeshika uongozi wa waandishi msimu huo. Wengine wanasema ni wa 11, wengine wa 13. Wanaojua kazi ya katuni wanifafanulie: kilichobadilika ni uandishi, uchoraji au sauti? Na anayetaka kulinganisha mwenyewe bila kutazama episodi zaidi ya 750, aanze na zipi?

Wino Mweusi
Mkuu Kapungu, usiangalie msimu pekee, angalia na namba ya utayarishaji, ile inayopewa episodi inapotengenezwa. Kutoka mswada hadi kurushwa hewani hupita miezi mingi, kwa hiyo kila mwaka kuna episodi zinazovuka kwenda msimu unaofuata. Namba zinazoanza na 4F ni za kundi la msimu wa 8, chini ya Bill Oakley na Josh Weinstein. 5F ni za kundi la msimu wa 9.

Sasa chukua "The Principal and the Pauper", iliyorushwa tarehe 28 Septemba 1997, ile ambayo Mwalimu Mkuu Skinner anagundulika kuwa ni mtu mwingine kabisa aitwaye Armin Tamzarian. Namba yake ni 4F23. Yaani ile inayotajwa sana kama mwanzo wa anguko la Scully haikutengenezwa chini yake! Na katika msimu huohuo "Lisa's Sax" ni ya Al Jean na Mike Reiss, viongozi wa zamani wa waandishi. Msimu wa 9 ni mchanganyiko, hauwezi kuwa ushahidi dhidi ya mtu mmoja.

Kosa la episodi ya Skinner ni kwamba yote mtazamaji aliyoyajua juu ya mtu huyu na mama yake kwa misimu minane yanafutwa, kisha mwishoni hakimu anaamuru kila kitu kirudi kama zamani na pasiwe na wa kulitaja tena. Mtazamaji ameguswa bure. Ukitaka ya Scully mwenyewe, tazama "Saddlesore Galactica" ya Februari 2000: hadithi ya farasi wa mashindano inageuka ghafla kuwa ya vibwengo wanaoishi chini ya ardhi.

Binti Kinanda
Naungana na Wino Mweusi, ila kwangu ugonjwa wenyewe uko kwa wahusika. Mtazame Ned Flanders, jirani yake Homer. Katika "Dead Putting Society" (1990) ana bia ya bomba nyumbani kwake, mwanawe anampenda, maisha yamemnyookea, na hilo ndilo linalomchoma Homer. Dini ni sehemu moja tu ya mtu huyu. Miaka kumi baadaye amebaki dini tupu. Mashabiki wa Marekani wameligeuza jina lake kuwa istilahi ya ugonjwa huu: tabia moja inakuzwa mpaka inammeza mhusika mzima. Sababu yake naielewa. Mwandishi mpya amekua akikitazama kipindi, kwa hiyo anamwandika Flanders anayemkumbuka badala ya kumwandika mtu.

Linganisha na "And Maggie Makes Three" (Januari 1995). Mwanzoni watoto wanauliza kwa nini albamu haina picha za Maggie, mdogo wao mchanga. Katikati, Homer aliyekwisha kuacha kazi anarudi kwa bosi wake Burns akitambaa, na Burns anamwekea bango mbele ya meza la kumkumbusha kwamba hapo hatoki milele. Picha ya mwisho haina neno hata moja: picha zote za Maggie zimebandikwa juu ya bango, zimeziba baadhi ya herufi, na zilizobaki zinasomeka "fanya kwa ajili yake". Swali la mwanzo limejibiwa na tusi la Burns limegeuzwa kwa vipande vilevile. Hapo hakuna kilichobandikwa kutoka nje.

Kwenye sauti pia pengo lipo. Phil Hartman aliuawa Mei 1998, na wahusika aliowapa sauti, wakili Lionel Hutz na mwigizaji Troy McClure, wakastaafishwa naye. Alf Clausen, aliyetunga muziki tangu 1990, aliondolewa 2017.

Wino Mweusi
Uchoraji nao: tangu msimu wa 14 (2002) rangi za mkono kwenye karatasi angavu ziliachwa, kompyuta ikachukua. Mistari ikawa safi, lakini nyuso zilipoteza ule mkunjo wa hovyohovyo uliokuwa unachekesha wenyewe.

Tahadhari kwa wanaotazama kwenye huduma ya mtandaoni ya Disney+: misimu ya zamani ilichorwa kwa picha ya 4:3 (upana kwa kimo). Ukiilazimisha ijaze skrini ya 16:9 unapoteza robo ya kimo chake. Katika "Duffless" kuna mapipa matatu ya bia zenye majina tofauti, na utani ni kwamba bomba moja hapo juu ndilo linaloyalisha yote. Ukikatwa juu, bomba halionekani, utani umekufa. Fungua ukurasa wa kipindi, ingia kwenye maelezo, zima picha iliyopanuliwa.

Kapungu
Shukrani wakuu. Kwa hiyo baada ya msimu wa 13 niache kabisa?

Binti Kinanda
Hapana, usiache. "Eternal Moonshine of the Simpson Mind" (2007) ilipata tuzo ya televisheni ya Emmy na ilistahili. "Holidays of Future Passed" (2011) ingeweza kukifunga kipindi kizima kwa heshima. Tangu msimu wa 33 (2021) Matt Selman ndiye anayeongoza sehemu kubwa ya kazi, na "Pixelated and Afraid" (2022) inawaacha Homer na Marge peke yao porini, wanandoa wawili tu na baridi. Itazame mara baada ya "And Maggie Makes Three", usiku mmoja, kisha rudi hapa utuambie umeona nini.