Mjadala: Mgeni mwenye maneno makali aachiwe aongee chuoni, au azuiwe getini?

Ndugu zangu, naanza mimi, na msimamo wangu nauweka wazi: aingie, aseme, ila asiondoke kabla hajaulizwa.

Mnakumbuka yaliyompata Profesa PLO Lumumba, yule mwanasheria wa Kenya? Septemba 2018 alitua Lusaka kutoa mhadhara juu ya China barani Afrika. Hakutoka hata nje ya uwanja wa ndege. Alirudishwa alikotoka, serikali ya Zambia ikasema ni sababu za usalama. Usalama wa nani? Madeni ya China yalikuwa gumzo nchini humo wakati ule. Lumumba naye ana maneno matamu yanayopaa, na dawa yake ni mwanafunzi wa uchumi kusimama na swali moja fupi lenye tarakimu. Nafasi hiyo ilipotea.

Lakini tusizilaumu serikali peke yake. Tarehe 2 Machi 2017, chuo cha Middlebury huko Vermont, Marekani, kilimpokea Charles Murray, mwandishi aliyehusisha rangi za watu na vipimo vya akili. Wanafunzi walimgeuzia mgongo, wakapaza sauti mpaka asisikike. Akahamishiwa chumba kingine, maneno yake yakarushwa kwa video. Wakati wa kutoka, yeye na Profesa Allison Stanger walizongwa, na Stanger akaumizwa shingo. Stanger ndiye aliyepangwa kumhoji Murray, wala hakuwa mfuasi wake! Hili linaniuma kuliko yote.

Simwambii mwanafunzi mweusi akae kimya huku akili yake ikijadiliwa mbele yake. Abebe bango, ageuze mgongo, atoke ukumbini. Ila mwenzake aliyekuja na swali aachiwe aulize.

Na mipaka ipo. Léon Mugesera alikuwa msomi, na hotuba yake ya kuchochea mauaji huko Kabaya, Rwanda, Novemba 1992, ilimfikisha kwenye kifungo cha maisha mwaka 2016. Anayeita watu wauawe hana mjadala na mimi.

Rafiki yangu mhadhiri ananipinga: kumpa mtu jukwaa, anasema, ni kumvika heshima ya chuo. Kweli, kama jukwaa lenyewe ni la kupigiwa makofi. Nimewahi kukaa kwenye ukumbi wa namna hiyo. Tuliambiwa tuandike maswali kwenye vikaratasi. Msichana wa kando yangu aliandika lake, akalifuta, akaliandika upya kwa herufi kubwa ili lisomeke. Vikaratasi vikapitia kwa mshereheshaji. Vilisomwa vinne, vyote pongezi. Mgeni akapewa zawadi, tukaambiwa muda umekwisha.

Kwa hiyo nawauliza walimu na wanafunzi mliomo humu: mgeni akishakubaliwa, kipaza sauti cha maswali kishikwe na nani? Uongozi wa chuo, serikali ya wanafunzi, au kiachwe wazi, anayewahi foleni aulize?