Naomba ushauri: SUV ya umeme inazinduliwa karibuni, niweke amana sasa au nisubiri maelezo kamili?

Mama Pendo

Wakuu, habari zenu. Naomba mnisaidie mawazo kabla sijatoa hela.

Kuna SUV mpya ya umeme, ya viti saba, ambayo kampuni imekuwa ikitoa picha zake kidogo kidogo: mara taa za mbele, mara kivuli cha ubavu, mara dashibodi iliyofunikwa nusu. Jina silitaji kwa makusudi, sitaki uzi ugeuke ugomvi wa mashabiki wa kampuni hii na ile. Uzinduzi bado wiki chache. Mpaka sasa wametamka mambo matatu tu: itakwenda "zaidi ya kilomita 500" kwa chaji moja, itachaji "haraka sana", na wanaoweka amana mapema ndio watakaopokea magari kwanza.

Nyumbani tuko sita, pamoja na mama yangu mzazi ambaye magoti yanamsumbua. Gari tulilonalo ni la petroli, limechoka, na halipiti muda bila kudai kitu. Mume wangu anasema tuweke amana sasa tusije tukajikuta mkiani mwa foleni. Mimi moyo unasita. Hili ni gari la kukaa nalo miaka mingi, na fedha yake tumeikusanya kwa shida.

Siku ya uzinduzi nisikilize nini hasa? Kipi kati ya watakayoyasema kina uzito, na kipi ni mapambo? Na hiyo amana, niweke?

Nahodha wa Lami

Dada, kama amana inarudishwa yote bila masharti, weka. Unanunua nafasi kwenye foleni, gari bado hujanunua. Ila soma karatasi unayotia saini, hasa kuhusu bei. Machi 2022 Rivian walipandisha bei za magari yao, na mwanzoni ongezeko lile likawagusa hata waliokwisha kuweka oda kitambo. Kelele zikawa nyingi, na ndani ya siku chache kampuni ikaomba radhi na kuwarudishia bei ya zamani walioagiza kabla ya Machi Mosi. Wale walipona kwa sababu walikuwa wengi na walipiga kelele pamoja. Wewe usitegemee kelele, tegemea maandishi: je, amana inafunga bei, au inakupa namba ya foleni tu?

Fundi Volti

Mama Pendo, mimi naanza na hizo kilomita 500.

Zimepimwa kwa kipimo gani? CLTC ya China kwa kawaida ndiyo hutoa namba kubwa, WLTP ya Ulaya hukaa katikati, na EPA ya Marekani ndiyo inayobana zaidi. Gari lilelile linaweza kubeba namba tatu tofauti na asiwepo aliyedanganya. Hata WLTP yenyewe itazame kwa karibu: ni jaribio la dakika 30 ndani ya maabara, kilomita 23 na ushei, mwendo wa wastani kilomita 46.5 kwa saa, joto nyuzi 23. Barabara kuu haiendi hivyo. Upinzani wa hewa hupanda kwa mraba wa mwendo, maana yake ukitoka 90 ukafika 120 hewa inakusukuma nyuma kwa nguvu inayokaribia mara 1.8 ya mwanzo. Na SUV ina kifua kipana. Mimi nikiona namba ya WLTP napunguza robo kwa safari ya mwendo huo, na kwenye baridi kali napunguza zaidi. Kwa hiyo 500 yako iweke kichwani kama 375, ukiona bado inakutosha, vizuri.

Pili, ukubwa wa betri. Kuna ujazo wote na kuna ujazo unaotumika, kwa sababu kampuni huacha akiba ya kuilinda betri. Audi e-tron ilipozinduliwa 2018 ilitajwa kuwa na kWh 95 (kilowati-saa, kipimo cha umeme unaohifadhiwa na betri), lakini zilizotumika zilikuwa 83.6. Ukisikia namba moja tu jukwaani, uliza ni ipi.

Halafu hiyo "haraka sana". Hapa ndipo watu wengi wanapotekwa. Watatangaza kilele, tuseme kilowati 250. Kilele kinaweza kudumu dakika chache betri ikiwa karibu tupu, kisha kinashuka. Unachotaka ni dakika za kutoka asilimia 10 hadi 80. Piga hesabu: betri ya kWh 90 zinazotumika, asilimia 70 yake ni kWh 63. Ikichukua nusu saa, wastani wako ni kilowati 126, nusu tu ya ule mbwembwe wa jukwaani. Hyundai Ioniq 5 ya mwaka 2021, yenye mfumo wa volti 800, ilitangazwa kwa dakika 18 kwenye chaja ya kilowati 350. Hiyo ni ahadi inayopimika. "Haraka sana" haipimiki.

Na hata gari liwe na kasi namna gani, kwenye chaja ya kilowati 50 litapokea 50. Hizo kWh 63 zitakuchukua saa moja na robo au zaidi. Fungua ramani ya chaja za njia unazopita kila mara, angalia zina nguvu gani na zina plagi gani. CCS2, NACS, CHAdeMO na GB/T haziingiliani bila adapta.

Msoma Brosha

Fundi kasema vizuri ya betri. Mimi nataka kuongelea watu sita ndani ya gari, maana hilo halisemwi jukwaani kabisa.

Betri imelala chini ya sakafu. Kwa hiyo kwenye SUV nyingi za umeme sakafu imepanda wakati paa halijapanda kwa kiwango kilekile, na mtu mzima akikaa nyuma magoti yanakuja juu na mapaja yanaelea, hayaegemei kiti. Kwa safari fupi hutalihisi. Kwa saa nne, mtu mwenye magoti mabovu atateremka akiwa hoi. Brosha itakuandikia nafasi ya miguu kwa milimita na itaonekana kubwa, lakini hiyo inapimwa kwenda mbele, haisemi lolote kuhusu urefu wa kiti kutoka sakafuni. Hilo mama yako atalijua kwa kukaa tu. Aangalie pia kizingiti cha mlango kiko juu kiasi gani, mlango unafunguka kwa upana gani, na kuna mpini wa kushika wakati wa kupanda. Usikubali kutia saini ya mwisho kabla mama hajakaa ndani. Hata kabla ya uzinduzi mpeleke akajaribu magari ya aina hiyo yaliyokwisha kutoka, Kia EV9 kwa mfano, ili mjue mnalinganisha na nini.

Jambo lingine ni uzito wa mzigo. Chukua uzito wa juu unaoruhusiwa, toa uzito wa gari tupu, kinachobaki ndicho gari linachoruhusiwa kubeba, watu na mizigo. Magari haya ni mazito. Tuseme tupu ni kilo 2,600 na kikomo ni 3,150. Zimebaki 550. Watu saba wa kilo 70 ni 490. Umebakiwa na kilo 60 za mizigo kwa watu saba! Buti linaweza kuwa na nafasi ya kuingiza friji, lakini sheria na breki hazijali nafasi, zinajali kilo. Namba hizo mbili huwa zimejificha ukurasa wa mwisho wa karatasi ya vipimo. Zitafute.

Subira Kwanza

Mimi nasema usiweke chochote. Acha wengine wapokee magari ya kwanza, wewe soma watakayoandika mwaka mzima. Toyota, kampuni yenye uzoefu wa miaka yote hiyo, ilitoa bZ4X na mwaka 2022 ikabidi iyaite yarudi kukaguliwa karibu magari 2,700 kwa sababu boliti za magurudumu zingeweza kulegea. Volvo EX90 ilionyeshwa Novemba 2022, ikaja kucheleweshwa kwa sababu programu zake zilihitaji kazi zaidi, utengenezaji ukaanza 2024. Hao ni wakubwa. Toleo la kwanza la kitu chochote chenye programu nyingi namna hii ni la kujaribia.

Nahodha wa Lami

Subira, nakuheshimu, lakini gari lake la sasa linamla kila siku. Kusubiri nako kuna gharama. Na kuweka amana inayorudishwa hakumzuii kusoma hayo maoni ya wengine, maana foleni yenyewe inaweza kuchukua miezi. Tofauti ni kwamba akiridhika atakuwa yuko mbele, asiporidhika anachukua hela yake.

Subira Kwanza

Kama kweli inarudishwa yote, na imeandikwa, hapo sina ubishi. Mimi nahofia kampuni yenyewe. Fisker walitoa SUV yao ya umeme, Ocean, na Juni 2024 wakaingia kwenye ufilisi. Waliokuwa na magari tayari wakabaki wanatafuta spea na masasisho ya programu. Mama Pendo, kampuni yako ina magari mangapi barabarani tayari? Ina mafundi wake karibu na unapoishi? Hilo kwangu linapita hata hizo kilomita.

Mama Pendo

Asanteni sana, jamani. Kampuni si changa, magari yake ya mafuta yapo mengi na mafundi wapo, ila ya umeme ndiyo wanaanza. La mzigo lilikuwa halijanipitia kichwani hata kidogo, na sisi tukisafiri tunabeba kweli.

Fundi Volti, nisaidie moja. Sisi tutachaji zaidi nyumbani usiku. Nihangaike na hizo dakika za kutoka asilimia 10 hadi 80? Na nimesikia kuna betri za LFP na nyingine za NMC, nichague ipi wakitoa zote mbili?

Fundi Volti

Ukichaji nyumbani, zile dakika zinakuhusu siku za safari tu. Kinachokuhusu kila siku ni chaja iliyo ndani ya gari. Kwa umeme wa volti 230 na ampea 32 unapata kilowati 7.4. Gari kubwa kama hilo, likila kWh 20 kwa kilomita 100, ukitembea kilomita 60 kwa siku unahitaji kWh 12, chini ya saa mbili. Umelala, limejaa. Kwa soketi ya kawaida ya ampea 10 kitu hichohicho ni zaidi ya saa tano, bado usiku unatosha. Ila mwite fundi umeme akague waya na fyuzi kwanza, kwa sababu mzigo mkubwa wa saa nyingi mfululizo hufichua kila kiungo kibovu.

Betri: LFP haina nikeli wala kobalti, huvumilia mizunguko mingi ya chaji, na kuijaza hadi 100 mara kwa mara si tatizo. Kasoro yake ni uzito kwa nishati ileile, na kwenye baridi huchaji polepole zaidi. NMC hubeba nishati zaidi kwa kilo, lakini kwa matumizi ya kila siku kampuni nyingi hushauri uishie 80. Kwa familia inayochaji nyumbani na kutaka gari lidumu, mimi ningechukua LFP, mradi umbali wake unawatosha hata baada ya kutoa ile robo na mzigo usibanwe na uzito wake. Waranti iliyozoeleka ya betri ni miaka 8 au kilomita 160,000, ikiahidi uwezo usishuke chini ya asilimia 70. Wakija na pungufu ya hapo, waulize sababu.

Mama Pendo

Nimerudi, wakuu. Tumewapigia simu na kuomba karatasi ya masharti. Amana inarudishwa yote mpaka siku ya kuthibitisha oda, lakini bei haijafungwa. Mume wangu amekubali: tunaweka, na hatuthibitishi mpaka tumeona uzito wa mzigo, dakika za kuchaji, na mama amekaa ndani kwa muda wa kutosha, si dakika mbili za kupiga picha. Mama mwenyewe kafurahi kusikia anasubiriwa yeye.

Muuzaji kanitajia kwamba toleo la juu lina rimu za inchi 21. Je, zina faida yoyote?

Msoma Brosha

Kwa macho tu. Rimu kubwa kwa kawaida hupunguza umbali wa chaji, tairi lake lina ukuta mwembamba kwa hiyo mashimo mtayasikia mpaka mgongoni, na likipasuka kupata saizi hiyo ni kazi. Uliza pia kama kuna tairi la akiba. Magari mengi ya umeme hayana, yana dawa ya kuziba na pampu ndogo, na dawa hiyo haisaidii tairi likichanika ubavuni. Kama toleo la kawaida lina inchi 19, chukueni hilo.